Bakuli la Watu Wanne

Mashine ya kusafisha damu hunywa maji kuliko ng'ombe. Sikulijua hilo mpaka figo zangu zilipokufa na nikaanza kwenda Kitui mjini kila Jumatatu na Alhamisi kufungwa kwenye mashine. Maji yakikatika mjini, na Kitui maji hukatika, mashine hazifanyi kazi, na wagonjwa tunakaa kwenye benchi la nje kungojea lori la maji. Nasi tunaongojea hayo maji haturuhusiwi kuyanywa. Kikombe kidogo asubuhi, kingine jioni, basi. Ukizidisha, maji yanakupanda mpaka kwenye mapafu, na unalala umeketi, ukivuta pumzi kwa mdomo. Kwa hiyo tulikuwa tunakaa pale midomo imepasuka, masikio yote barabarani, tukisubiri lori lije linyweshe mashine.

Mimi ni mtu wa upande wa Zombe. Nilikuwa nauza mitumba sokoni kabla ya ugonjwa, nguo za watoto hasa, na nilijulikana kama mwanamke asiyekopesha na asiyekopa. Tabia yangu ni hiyo: sitii mguu mahali sijapaona. Mume wangu aliondoka ugonjwa ulipokuwa mchanga, bila ugomvi, kama mtu anayehama nyumba ya kupanga. Nikabaki na dada yangu, ambaye alinipa chumba na hakuwahi kuniuliza nitapona lini.

Siku zetu, Jumatatu na Alhamisi, tulikuwa wanne tunaoingia pamoja. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, Msomali, mwenye ndevu zilizopakwa hina. Wauguzi walimwita Haji ingawa alisema bado hajafika Makka, na sisi tukafuata. Wa pili alikuwa mzee wa kanisa kutoka Ikutha, mtu wa kulalamika, aliyekuja na Biblia na mto wake wa nyumbani kwa sababu hakuiamini mito ya hospitali. Wa tatu alikuwa mwanamume mwembamba wa Nunguni, kwenye milima ya kaunti jirani. Kwao nafasi za mashine zilikuwa zimejaa, ndiyo maana alikuwa anavuka hadi kwetu. Alivaa kizibao cheusi hata jua likiwaka, na kucha zake zilikuwa safi kuliko za daktari. Alituambia kwamba kwa miaka mingi alifanya kazi ya kugawa karata katika kasino moja Nairobi. Tukawa tunamwita Mgawaji. Wa nne ni mimi.

Mtu aliyefungwa kwenye mashine ana mkono mmoja tu. Mwingine una sindano mbili nene, damu inatoka kwa moja na kurudi kwa nyingine, na ukiusogeza mashine inalia na sista anakuja na uso umekunjamana. Saa nne unakaa hivyo. Kuna wanaolala. Kuna wanaotazama damu yao ikizunguka kwenye mpira, na hao hawakai vizuri kichwani. Siku moja Mgawaji alimwomba sista asukume ile meza ya magurudumu katikati ya viti vyetu vinne, akatoa karata kwenye kizibao.

“Mchezo huu unafaa watu kama sisi,” alisema. “Hauhitaji kushika karata mkononi. Nyingi zinalala mezani zikiwa wazi, kila mtu anaziona.”

Mzee wa kanisa aligeuza uso. “Mimi kamari siwezi. Na hapa nilipo karibu nionane na Mwenyezi.”

“Hata mimi kamari ni haramu kwangu,” Haji alisema. Lakini macho yake hayakutoka kwenye karata. Alifikiri kidogo, kisha akaweka masharti kama mtu anayenunua fahali. Hakuna pesa. Hakuna kitu cha thamani. Kila mtu aanze na punje sawasawa, na mwisho wa siku punje zote zirudi kwenye mkebe mmoja, asiondoke mtu na kitu. “Hapo hakuna aliyekula wala aliyeliwa. Ni hesabu tu.”

Mzee wa kanisa alisema kama ni hesabu, basi hesabu si dhambi.

Punje nilileta mimi: mbaazi, kwenye mkebe wa majani ya chai. Mbaazi ni mojawapo ya vyakula tulivyokatazwa, pamoja na ndizi, parachichi na maharagwe, na wakati mwingine ningemwona mzee wa kanisa akizigeuza mkononi kwa muda mrefu kabla ya kuziweka kwenye bakuli la katikati ya meza.

Mchezo wenyewe ni hivi. Kila mtu anapata karata saba, moja baada ya nyingine. Mbili za kwanza na ya mwisho zimefichwa, nne za katikati ziko wazi. Kila karata inapotoka, mtu anaweka punje kwenye bakuli, au anaongeza, na wengine wanamfuata au wanakunja karata zao na kutoka. Mwishoni bakuli linagawanywa katikati. Nusu inamwendea mwenye karata kubwa kuliko wote. Nusu ya pili inamwendea mwenye ndogo kuliko wote, ilimradi awe na karata tano tofauti ambazo hazizidi nane, na esi huhesabiwa kama moja. Mtu mmoja akibahatika kuwa na kubwa na ndogo kwa pamoja, anazoa bakuli zima.

Mwanzoni mimi nilikuwa mtu wa kukunja. Nikiona Haji ana kingi mbili wazi, nakunja. Nikiona mzee wa kanisa ametabasamu, nakunja, ingawa yule mzee alitabasamu hata akiwa na takataka. Punje zangu zilipungua polepole, bila kishindo, na nilijiona mwerevu.

Mgawaji alinivumilia kwa wiki kadhaa. Kisha siku moja aliinama, akafunua karata zangu nilizokwisha kukunja.

“Mwaitu, mbona umetoka?” Ndivyo kwetu tunavyomwita mwanamke kwa heshima, mama.

“Haji ana kingi mbili.”

“Haji anatafuta kubwa. Wewe ulikuwa na esi, mbili na tano, unatafuta ndogo. Hamkutani popote wewe na Haji. Nani mwingine hapa anatafuta ndogo?”

Nilitazama meza. Hakuna.

“Sasa sikiliza. Mkibaki wawili mkagawana nusu kwa nusu, mmerudishiana mbaazi zenu. Hiyo si kushinda. Lakini mkiwa wanne, kila punje unayoweka, wengine wameweka tatu. Ukipata nusu umerudi na mara mbili. Ukizoa, umerudi na mara nne. Watu wakiwa wengi ndani na karata zako zinaweza kwenda pande zote mbili, hapo hufuati. Hapo unaongeza.”

“Na nikikosa?”

“Utakosa. Mara nyingi tu. Lakini wewe unaogopa wakati watu ni wengi, na huo ndio wakati wako.” Alimwonyesha mzee wa kanisa kwa kidevu. “Mtazame huyu. Ana jozi ya tisa. Si kubwa, si ndogo. Anawalipia watu wa pande zote mbili. Ukimwongezea, bado atafuata.”

“Nakusikia,” mzee wa kanisa alisema. Akafuata.

Nilijifunza polepole. Kwanza niliongeza, nikapoteza, na nikaona aibu kana kwamba nimeanguka sokoni. Kisha niliongeza tena. Ule mkono wangu wa mshipa uliounganishwa na madaktari kwa ajili ya sindano, ambao ukiugusa unanguruma kama mashine ya posho inayosikika kutoka mbali, nilikuwa nauhisi ukinguruma zaidi nikisukuma mbaazi. Nilianza kuingoja Jumatatu. Sijui kama mtu mwenye afya anaweza kuelewa kilivyokuwa kitu kikubwa kuingoja Jumatatu.

Mke wa Mgawaji alikuwa anamleta na kumrudisha. Mwanamke mpana, kimya, kitambaa kichwani kimefungwa imara. Akishamfikisha mlangoni alikuwa anaenda kukaa na wasindikizaji wengine upande wa jikoni, akishona vitambaa vya kochi. Hakuwa anaingia ndani. Na Mgawaji, tangu wiki za mwanzo, aliniomba karata zikae kwangu.

“Kizibao kinapasuka mfuko,” alisema.

Nilizitia kwenye begi langu pamoja na mkebe wa mbaazi. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Kilichotokea baadaye kilitokea siku ambayo maji yalikatika kabisa. Tulifika asubuhi, sista akatoka akatuambia tangi ni tupu na lori limeharibikia njiani. Tukae. Ilikuwa katikati ya kiangazi, upepo unasukuma vumbi jekundu chini ya mlango, na wote wanne tulikuwa tumejaa. Ndivyo tunavyosema maji yakizidi mwilini: kujaa. Miguu ya Haji ilikuwa imevimba hata hakuweza kufunga kamba za viatu. Mzee wa kanisa alikuwa anahema akiwa ameketi. Kulikuwa na mama mmoja muuza barafu nje ya geti, na tulimsikia akiita wateja.

Adhuhuri ikapita. Mgawaji akasema, “Mwaitu, leta.”

Tulichezea palepale kwenye benchi, bakuli la plastiki katikati, tumelipanda, miguu kila upande, kama watu juu ya punda. Hatukuwa na sindano, mikono yote ilikuwa huru, na tulicheza mfululizo kuliko siku nyingine yoyote. Hakuna aliyezungumzia maji.

Kuna mgao mmoja wa siku ile ninaoukumbuka karata kwa karata. Zilizofichwa nilikuwa na esi ya kopa na nne ya kopa. Ya wazi ikaja tatu ya kopa. Nikaongeza, na wote watatu wakafuata. Ikaja sita ya kopa. Nikaongeza tena. Haji alikuwa na kumi mbili wazi, akaniongezea juu yake. Mzee wa kanisa alikuwa na saba na nane, akaguna, akafuata. Mgawaji alikuwa na mbili na tano, akafuata, akinitazama mimi na si karata zangu.

Kisha nikapewa kingi ya uru. Kingi haikunifaa kwa lolote. Nilirudi nyuma kidogo moyoni, na Haji alipoweka, nilifuata tu. Karata iliyofuata ikawa mbili ya shupaza: nikawa tayari nina ndogo iliyokamilika, esi, mbili, tatu, nne, sita, na bado kopa moja tu kupata rangi moja, kopa tano, ambayo hupiga jozi zote. Nikaongeza. Haji akaongeza. Nikaongeza tena.

“Huyu mama amekuwa simba,” Haji alisema.

“Amefundishwa vibaya,” mzee wa kanisa alisema, akifuata.

Ya mwisho, iliyofichwa, niliiinua ncha tu. Tisa ya kopa.

Tulipofunua, Haji alikuwa na jozi mbili, za kumi na za jeki. Mzee wa kanisa alikuwa na ndogo inayoishia nane, Mgawaji inayoishia saba. Yangu iliishia sita, na kopa zangu tano zilimpiga Haji. Kubwa yangu, ndogo yangu. Mgawaji alicheka, cheko la mtu asiye na pumzi, akalishika bakuli kwa mikono yote miwili akanisogezea.

“Zoa,” alisema. “Zoa lote, mwaitu.”

Wakati ule ndipo nilipoona viatu vya mkewe.

Alikuwa amekuja kuuliza kuhusu lori. Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Alitazama bakuli, akatazama karata zimetandazwa kwenye benchi, akamtazama mumewe mikono yake ikiwa bado kwenye bakuli.

“Hata hapa,” alisema.

 Mgawaji alitoa mikono akaiweka magotini.

“Ni mbaazi, mama,” Haji alisema kwa upole. “Hakuna pesa. Ni mbaazi tu, na zinarudi zote kwa mkebe.”

“Hata kule ilianza na njugu,” alisema. Hakupandisha sauti. Alikuwa anaongea nasi, si na mumewe. “Amewaambia alikuwa anagawa? Aligawa kweli. Halafu akafukuzwa, akawa anacheza. Mshahara ukaenda. Shamba la Nunguni, alilopewa na baba yake, lenye kahawa na miparachichi, likaenda. Nilikuja kuambiwa na mtu aliyekuja kupima ardhi. Nimeosha uso, natoka nje, namkuta mtu anavuta kamba kwenye kahawa yangu. Namuuliza wewe ni nani, ananiuliza mimi ni nani.”

Mzee wa kanisa alikuwa ameinamisha kichwa.

“Mbaazi ni za nani?” mkewe Mgawaji aliuliza.

“Zangu,” nikasema.

Alichukua mkebe, akazimimina mbaazi kutoka bakulini, na zilizoanguka chini aliinama akaziokota moja moja akazipuliza vumbi, kwa sababu ni chakula. Akanipa mkebe. Kisha akakusanya karata zote, akazipanga zikalingana, na akaondoka nazo kuelekea jikoni. Baadaye msindikizaji mmoja alituambia alizitia kwenye jiko la makaa na akasimama hapo mpaka zikaisha.

Tulikaa. Mgawaji alikuwa anatazama mahali palepale kwenye benchi palipokuwa na bakuli. Nilitaka kumkasirikia, kwa kunifanya niwe mfuko wake wa kuficha, lakini hasira haikuja. Nilichokuwa najisikia ni kiu, kiu tu, na nilijua naye anaisikia. Lori lilifika jua likiwa limeshuka. Tulifungwa kwenye mashine, tukafunguliwa usiku.

Kuanzia Alhamisi iliyofuata, mkewe aliingia ndani naye. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine, na ushonaji wake, saa zote nne. Ile meza ya magurudumu ilirudi ukutani. Sista aliuliza mara moja, “Leo hamchezi?” kisha akaona nyuso zetu, hakuuliza tena.

Mzee wa kanisa alikuwa wa kwanza kuondoka. Jumatatu moja hakuja, na sista alipoulizwa alisema, “Pole,” akaendelea kuandaa mashine. Siku hiyohiyo kiti chake kilikaliwa na msichana aliyekuwa amevaa sare ya chuo. Orodha ya wanaongojea nafasi ni ndefu, kiti hakikai kitupu. Yule msichana alituamkia, akauliza kama sindano zinauma, na Haji akamwambia hapana, akamwambia hata hazisikiki. Kisha akageuza uso ukutani.

Mgawaji akaanza kukosa siku. Akija alikuwa amejaa kuliko sisi, ngozi imekuwa ya majivu, na kizibao kilikuwa kimeacha kufungika. Mkewe alikuwa anamfuta jasho kwa kitambaa kilekile alichokuwa anakishona. Niliwatazama hawa wawili kwa wiki nyingi nikiwa mita chache tu kutoka kwao, na sikuwahi kuwasikia wakizungumza juu ya jambo lolote ila dawa, nauli na mvua. Hata hivyo alikuwa anamfunika miguu kabla hajaomba.

Siku moja mkewe alitumwa kwenye duka la dawa la nje, kwa sababu la ndani lilikuwa limeishiwa. Alipotoka tu, Mgawaji alifungua macho.

“Mwaitu.”

“Nakusikia.”

“Ile siku uliongeza vizuri.”

“Asante.”

Alivuta pumzi mara kadhaa. Nilidhani anataka kuniambia la mkewe, au la shamba, au aniombe msamaha.

“Lakini kwenye kingi ulifuata tu,” alisema. “Watu wanne ndani. Una kopa nne na una ndogo nne, na karata mbili bado. Pale pia ungeongeza. Umeacha mbaazi nyingi nje.”

“Kingi ilinitisha.”

“Niliona.” Akafumba macho. “Usiogope kingi.”

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Wiki hiyohiyo alifariki nyumbani, akiwa amekaa kitandani.

Haji ndiye aliyesema twende mazishini. Alikuwa na mpwa mwenye gari la kubebea mbuzi, na tulipanda mbele wote watatu, siku ambayo si ya mashine. Nunguni ni baridi. Sisi watu wa kiangazi tulishuka kwenye ukungu tukitetemeka, na Haji alijifunga kikoi shingoni. Walimzika kwenye kipande kidogo nyuma ya nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba alikuwa amekubali kwa huruma. Mchungaji alimsifu marehemu kwa uvumilivu katika ugonjwa. Hakuna aliyesema alikuwa na kazi gani. Mkewe alisimama kaburini na kitambaa chake kimefungwa imara, hakulia.

Tulikuwa tunajiandaa kuondoka, watu wengi wameshateremka, aliponijia na kunishika mkono ule mzima.

“Dada, wewe ndiye uliyekuwa unamwekea karata.”

“Ndiyo, mwaitu. Sikujua.”

“Najua hukujua. Sikulaumu.” Alitazama nyuma, akamtazama Haji pia. “Nataka mnionyeshe.”

“Tukuonyeshe nini?”

“Huo mchezo. Nimekaa naye miaka hiyo yote na sijawahi hata kuushika mkononi. Kila kitu kilienda huko, na huko sijafika. Nionyesheni.”

Haji alikohoa. “Mama, hapa ni matangani. Watu watasema nini?”

“Watu wameshakula wameenda.”

Binti yake, mwanamke mzima mwenye watoto wake, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Nilidhani atamzuia mamake. Badala yake alichukua shali, akateremka sokoni, akarudi na pakiti ya karata mpya kutoka dukani, zile za bei rahisi zinazoteleza. Tuliingia ndani, tukakaa watu wanne kwenye meza yenye vitambaa alivyovishona. Punje zilikuwa mahindi. Haji aligawa.

Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Karata saba, tatu zimefichwa, kubwa huku, ndogo huku, bakuli linakatwa katikati. Alisikiliza kwa makini sana, kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda kwa daktari. Karata zilipoanza kutoka, hakukunja. Kila aliyeongeza, alimfuata. Mara moja aliniuliza, “Yeye hapa angefanya nini?” Nilitazama karata zake za wazi, tatu na saba na esi, na watu wote wanne bado wako ndani.

“Angeongeza,” nikasema.

Akasukuma mahindi. Binti yake akamtazama, akafuata.

Mwishoni Haji alikuwa na kubwa, rangi moja ya maua. Mkewe Mgawaji alikuwa na ndogo nzuri kuliko yangu. Haji alikata rundo katikati kwa kiganja, akamsogezea upande wake.

“Hii nusu ni yako.”

Aliyatazama mahindi. Hakuyagusa.

“Na sasa nayafanya nini?”

“Unayaweka tena,” Haji alisema. “Karata zinagawanywa upya.”

“Halafu?”

“Halafu hivyo hivyo, mama.”

 Binti yake alikuwa anakunja ncha ya karata kwa kucha. Nje mtu alikuwa anaburuta benchi za kanisa juu ya nyasi.

“Ni hii tu?” mjane aliuliza.

 Nilitaka kumweleza siku za kiu, na jinsi mkono ulivyonguruma, na jinsi nilivyokuwa naingoja Jumatatu. Lakini alikuwa haniulizi juu yangu.

“Ni hii tu,” Haji akamjibu.

“Nilidhani kuna kitu,” alisema. “Nilidhani nikikiona nitaelewa.”

Aliinuka. Alisema sufuria za kanisa lazima zirudi kabla ya mvua, kwa sababu kuna arusi Jumamosi na ni zilezile. Binti yake akaenda kuziosha. Mimi siruhusiwi kubeba kitu kizito kwa mkono wa mshipa, kwa hiyo nilipewa vifuniko. Tuliteremka kwenye njia ya utelezi, mjane mbele na sufuria kubwa mgongoni, amefunga mkanda wake kichwani kama wanavyobeba kuni, na katikati ya njia nilisikia anapumua vibaya. Nikafikiri amechoka. Alipogeuka kunionyesha mahali pa kukanyaga, uso wote ulikuwa umelowa, na mvua bado haikuwa imeanza.

Haji alihamia kwa jamaa zake. Kaka yake alikubali kumpa figo, na mara ya mwisho kuzungumza kwa simu walikuwa wanangojea vipimo. Sijapata habari tena, na simu yake haiingii. Yule msichana wa chuo bado yuko kwenye kiti cha mzee wa kanisa. Kwenye kiti cha Mgawaji kuna dereva wa lori anayelala tangu akifungwa hadi akifunguliwa. Mimi bado naenda Jumatatu na Alhamisi. Wiki iliyopita maji yalikatika, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi, na yule mama wa barafu alikuwa getini akiita.